Mrithi wa Vipindi

Mzaha ule niliufanya mimi. Naanza hapo ili asije mtu akasema ni mwalimu mkuu, au serikali, au ule ugonjwa. Ugonjwa una mengi ya kujibu mbele za Mungu, lakini hili la kiti ni langu, na wachache tuliobaki tunalijua.

Shule yetu ilikuwa Muleba, kwenye kilima kinachotazama ziwa. Tulikuwa walimu wanane kwa madarasa saba, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa taaluma, yaani mpanga ratiba. Niliichora kwa wino kwenye boksi la sabuni lililopasuliwa, nikaitundika ukutani, na mtu akilalamika namwambia akaonane na boksi. Ndivyo nilivyokuwa, na mke wangu atakwambia sijabadilika sana. Ofisi ilikuwa moja. Viti vya serikali tulivisoma kwenye barua tu, kwa hiyo kila mwalimu aliyeripoti alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, na ukiona kiti umemjua mwenyewe.

Mwalimu mkuu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri mkavu asiyejua kucheka. Wakati wa vita, mizinga ikisikika kwa mbali na watu wa mpakani wakipita barabarani na magodoro kichwani, yeye aligonga rimu ya gari, kengele yetu, saa mbili kamili kila asubuhi, na watoto wakaingia darasani. "Vita havikuifunga shule hii," alikuwa akituambia, hadi tukawa tunamalizia wenyewe akianza. Ilikuwa kweli, na ilikuwa sifa yake, lakini ndiyo iliyotuponza baadaye.

Baada ya vita ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni watu waliuita kwa jina la vitambaa vya magendo, vile walivyovusha mpakani vijana waliokuwa wa kwanza kukonda. Nilikuwa natembea nusu saa kwenda shuleni. Mwaka mmoja ulitosha kunionyesha nyumba zikifungwa moja moja upande wangu wa kushoto, kahawa ikikauka mtini kwa kukosa wa kuichuma, na kati ya migomba udongo mwekundu uliochimbwa jana. Nilianza kupita mbio. Mtu mzima mimi, na mkoba wangu wa vitabu, napita mbio saa moja asubuhi kwa sababu mahali palikuwa kimya kupita kiasi.

Wa kwanza kwetu alikuwa mwalimu wa Hesabu. Watoto walimpenda. Kabla ya kuingia darasani aligonga mwimo wa mlango kwa dasta mara tatu, kisha akauliza, "Bongo zimeamka?" Darasa zima likapiga kelele, "Zimeamka!" Tulimzika Jumatano saa saba mchana, kibanjani kwao, kati ya migomba, kama tunavyozikana sisi. Saa tisa kasoro nilikuwa darasa la sita nafundisha mito ya Afrika, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyangu. Matanga hatukukaa. Mwalimu mkuu alisema tukikaa matanga ya kila mtu hatutafundisha tena mpaka kiama, na hakuna aliyembishia.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo mzaha wangu hauelewiki. Kwetu Wahaya, mwenye mji akifa, nyasi hutandikwa ndani ya nyumba, watu wakakaa chini na kulala humo siku kadhaa, na hakuna anayeshika jembe. Siku ya kumaliza ndipo mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya ukoo na kupewa mkuki. Toka hapo yeye ndiye baba. Hata waliomzidi umri humwita baba.

Alhamisi asubuhi tulikuwa ofisini, wote tumekodolea macho boksi langu. Vipindi vya marehemu vilikuwa vimekaa pale na herufi zake, havina mtu. Kati yetu alikuwapo binti aliyetoka kijiji cha Ngenge, mwaka wake wa kwanza kazini. Tulimwita Mwalimu Mdogo kwa sababu ndiye aliyefika mwisho. Alifundisha darasa la tatu, alicheka upesi, na alikuwa na kiti kidogo cha kamba ambacho alikitandikia kanga iliyokunjwa, maana kamba zilimchoma.

Sijui kilichonipata. Nadhani nilikuwa nimechoka kuona nyuso zile. Nikasimama, nikakunja uso kama mzee wa ukoo, nikamshika yule binti mkono. "Waitu!" nikasema, kama tunavyoanza tukisema na watu kwa heshima. "Ukoo umekaa, ukoo umeamua. Mrithi wa vipindi ni huyu!" Nikamkalisha kwenye kiti kikubwa cha mwalimu wa Hesabu, kile cha mbao nyekundu chenye mikono, nikamkabidhi dasta badala ya mkuki.

Jamani, tulicheka. Wiki nzima tulikuwa hatujacheka, tukacheka mpaka machozi yakatoka. Mmoja akasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Binti naye alicheka, miguu yake haikufika chini vizuri. Kiti chake kidogo nikakivuta kwangu, nikapanga juu yake madaftari ya kusahihisha, kwa kuwa meza yangu ilikuwa imejaa. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, na huu wetu haukuchelewa.

Kuta za madarasa yetu hazikufika kwenye bati, kwa hiyo la jirani ulilisikia lote. Wiki kama tatu baadaye nilikuwa nafundisha, nikasikia kwenye mwimo wa darasa la saba: ngo, ngo, ngo. Kisha, "Bongo zimeamka?" Sauti ilikuwa ya kike, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa marehemu, ule wa kuvuta neno la mwisho. Watoto wakajibu, "Zimeamka." Walijibu chini chini, kama watoto walioitwa na mtu wasiyemwona. Nilibaki na chaki hewani. Nikajiambia, aah, wamemwomba awafurahishe. Mchana nilichungulia ubao wake. Saba zake zilikuwa na kistari katikati. Zamani hakuziandika hivyo. Marehemu ndiye aliyeziandika hivyo.

Wa pili kwenda alikuwa mwalimu wa Siasa, na mara hii hakuna aliyetania. Mwalimu mkuu alinyoosha kidole tu kwenye kiti cha marehemu. "Mwalimu Mdogo, na hiki." Akaenda akakaa. Kabla mvua za vuli hazijaisha tukamzika mama aliyefundisha darasa la kwanza, mama mnene aliyekonda mbele ya macho yetu mpaka watoto wake wa darasani wakawa wanamwogopa. Hakukuwa na haja hata ya kidole. Kesho yake nilimkuta Mwalimu Mdogo amekaa kwenye kiti cha yule mama. Nikamwuliza mwalimu mkuu kama mizigo ile si mingi mno kwa mtu mmoja. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," akanijibu. Ningeweza kumwambia kwamba nundu zile hazikuwa zake. Nilinyamaza, kwa sababu kama si yeye zingekuwa zangu. Hilo nalisema wazi, na bado linanichoma.

Viti vile vitatu vilipangwa ukutani, na yeye alihamahama kwa kufuata ratiba. Akijiandaa kwa darasa la kwanza alikaa kwenye kiti cha yule mama, akiimba chini chini wimbo wa kuhesabu vidole. Rimu ikilia, akihamia cha Siasa, aliukata wimbo katikati na kufumbata mikono nyuma. Ukimsemesha alikujibu kwa adabu, baada ya kitambo, macho yakiwa nyuma yako. Alikonda. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba naye anao. Hakuwa nao, na miaka imethibitisha, lakini siku zile uchovu na ule ugonjwa vilivaa nguo moja, na hatukuwa na muda wa kuuliza ni kipi. Usiku alisahihisha madaftari ya watu wanne, na mwenye nyumba alikopanga aliniambia hajui kama analala. Nilijua kabisa kwamba tukiendelea hivi tutampoteza yule binti, afe au arukwe na akili. Nilijua, nikaendelea kuchora ratiba.

Mwisho wa mwezi ilikuwa kazi yangu kupitia kitabu cha mahudhurio ya walimu, kile tunachosaini asubuhi. Majina ya marehemu yalikuwa bado yamo, kwa sababu mwalimu mkuu alikataza kuyafuta mpaka barua ije kutoka wilayani, na barua haikuwa na haraka. Nikafungua. Kwenye mstari wa mwalimu wa Hesabu kulikuwa na saini. Ile yake, yenye mkia mrefu uliorudi nyuma kukata jina. Jumatatu saa moja na robo. Jumanne saa moja na robo. Mwezi mzima, hakukosa hata siku moja. Nikatazama wa Siasa: amesaini. Yule mama: amesaini, kwa herufi zake za mviringo. Kisha nikatazama mstari wa Mwalimu Mdogo, nao ulikuwa mtupu. Nikarudisha kurasa nyuma, mwezi ule na mwezi uliotangulia, ambao niliupitisha bila kusoma. Mtupu. Alikuwa anafundisha kuliko sisi wote, na hatukuwahi kugundua kwamba hayumo.

Nilimwita. Alikuwa kwenye kiti kikubwa, anachonga penseli.

"Mwalimu Mdogo, hizi saini ni zako?"

Akainama kuangalia. "Hizo ni zake," akasema.

"Na wewe? Mbona hujasaini?"

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mimi sijafika bado, mwalimu."

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Nikafunga kitabu, nikasema, "Wewe binti una utani," nikatoka nje kwenye ukungu, nikasimama nyuma ya choo cha walimu. Siku hizi wastaafu na walimu huitwa semina hapa Bukoba mjini, tunapewa soda, na kijana mmoja nadhifu anatuuliza tunatumia mbinu gani kuzuia uchovu wa kazi. Mwaka juzi nilimjibu kwamba mimi nilisimama nyuma ya choo. Watu wakacheka, wakadhani natania. Nilirudi nyumbani Kashai kwa miguu nikiwa nimekasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Nilimweleza mwalimu mkuu habari ya kitabu. "Muda wa kuugua hatuna," akasema, akaenda kugonga rimu.

Aliyetuokoa hakuja kwa ajili yetu. Mama yake mwalimu wa Hesabu alipanda kilima asubuhi moja, fimbo mkononi, kaniki imefungwa kiunoni, amekasirika tangu alikotoka. Mwanawe mdogo alikuwa mvuvi kisiwani Goziba. Habari za msiba zilimfikia zimechelewa, na zilipomfikia akaogopa kurudi nyumbani kuona, kwa hiyo ukoo ulimngoja miezi yote ile. Sasa alikuwa ameshuka kwenye boti. Jioni ile ndipo wangemaliza matanga na kumkalisha. Mama alifuata kiti.

Nilimkaribisha, nikamwamkia, na kabla hajajibu tukasikia kutoka darasa la saba: ngo, ngo, ngo. "Bongo zimeamka?"

Sitausahau uso wa yule mama. Fimbo ilimwanguka. Alitoka ofisini bila kuniuliza kitu, akapita uwanjani, akasimama mlangoni pa darasa. Mimi nilimfuata mbio. Mwalimu Mdogo aligeuka kutoka ubaoni na chaki mkononi, akamwona, akapiga goti.

"Mae," akamwita. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya. "Mae, mbona umekuja kwa miguu na goti lako bovu?"

Goti lile marehemu alikuwa akilitaja kila mara. Labda binti alilisikia kwake ofisini, ndivyo ninavyojiambia. Watoto wa darasa la saba walikuwa wameinamisha vichwa vyote juu ya madawati, hakuna aliyetaka kutazama.

Yule mama akamsogelea polepole. Akamshika kidevu. "Mtoto," akasema, "mimi sikukuzaa. Wewe wa nani?"

Binti akaitazama chaki mkononi mwake.

"Umelala lini?"

Hakujua. Alijaribu kukumbuka, nikamwona anajaribu kweli, na hakujua. Mama akamtoa darasani amemshika mkono, akamleta ofisini. Akanigeukia. "Nani alimkalisha kwenye kiti cha mwanangu?"

"Ni mimi, Mae. Ilikuwa mzaha."

"Mzaha!" Alitema neno lile. "Mimi nyumbani kwangu nyasi bado zimetandikwa. Mrithi hukalishwa matanga yakiisha. Ninyi ya kwenu mliyamaliza lini?"

Mwalimu mkuu alikuwa ameingia, na walimu wengine wawili. Tulikuwa tumezika watu watatu na hatukuwa tumekaa hata siku moja.

"Basi mmemkalisha mtoto wa watu juu ya maiti," akasema. Akajitwika kiti kichwani, kiti kile kizito, akakataa kusaidiwa, akateremka nacho kilima hadi ukungu ukammeza. Mwalimu Mdogo alitazama mahali pale ukutani palipobaki wazi. Kisha akakaa chini pale pale, sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani, akalala. Hata rimu ilipolia hakushtuka.

Nilipanda juu ya meza. Nililishusha boksi la ratiba, nikachukua chaki, nikaandika kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, juu ya vipindi vyote: MATANGA.

"Hutafanya hivyo," mwalimu mkuu akasema. "Vita havikuifunga—"

"Mzee, tangu lini vita vinakufundisha kuzika!" Nilimpigia kelele, mimi niliyekuwa namwamkia kwa kuinama. "Huyu naye akifa utanionyesha kiti gani?"

Darasa la saba walikwenda kukata nyasi. Walizileta wamezikumbatia, mbichi, zina umande, tukazitandika ofisini kote kumzunguka yule aliyelala. Wazazi waliposikia hawakutusuta hata kidogo, walileta ndizi na maharage na kahawa ya kutafuna, wakakaa nasi. Walikuwa na wafu wao wengi ambao hawakuwalilia. Mwalimu mkuu alibaki nje siku mbili. Aligonga rimu kwa wakati wake, saa mbili, saa nne, saa nane, akasimama mbele ya madarasa matupu, na ukungu, na sauti ya rimu ikirudi kutoka bondeni. Siku ya tatu alivua viatu mlangoni. Akakaa kwenye nyasi, akataja marehemu mmoja mmoja kwa majina yao, kisha akalia kwa sauti ya kutapika. Sikuwahi kudhani mtu yule ana machozi. Tulilia wote, hata mimi mwenye mdomo.

Yeye Mwalimu Mdogo alilala. Aliamshwa akanywa uji, akalala tena. Kuna wakati vidole vyake viliandika kitu kwenye nyasi, na midomo ikahesabu, nami nikakaa karibu nikisikiliza ni sauti ya nani. Siku ya nne midomo ilitulia. Nikaogopa zaidi. Nilimwekea mkono puani mara kadhaa, na mara moja sikusikia kitu, nikabaki hivyo hivyo nimeganda mpaka pumzi ikaja.

Ijumaa asubuhi tuliziondoa nyasi. Ndugu wa mwalimu wa Siasa na wa yule mama wa darasa la kwanza walikwisha kuja kuchukua viti vyao. Tukajipanga ukutani tusijue la kufanya, kwa maana saa ile ndiyo saa ya kumkalisha mrithi, na sisi hatukuwa na wa kumkalisha wala hatukumtaka. Yeye alikuwa ameamka tangu alfajiri. Alinawa uso kwenye pipa la nje, akaingia, akaenda mezani moja kwa moja, akafungua kitabu cha mahudhurio. Niliisikia kalamu. Sikuthubutu kusogea kuona anasaini mstari upi.

Akaiweka kalamu, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "nimefika. Kiti changu kiko wapi?"

Wenzangu wakaangalia huku na huku. Walikuwa hawakumbuki kwamba aliwahi kuwa nacho. Mimi nilikuwa nakumbuka. Nilikwenda kwenye meza yangu, nikaanza kuondoa madaftari, mafungu kwa mafungu, ya miezi yote ile, nikayashusha sakafuni, hadi nikazifikia kamba. Kanga yake ilikuwa pale chini, imekunjwa mara nne, kama alivyoiacha asubuhi ile nilipomshika mkono.

Nilikibeba kiti mpaka mahali pake karibu na dirisha. Aliikung'uta kanga vumbi la chaki, akaitandika, akakaa. Miguu yake ilifika chini.

"Leo nina vipindi vingapi?" akaniuliza.

Nikatazama boksi. "Leo huna hata kimoja," nikamwambia.

"Haya," akasema. "Basi nitakaa tu."